Ukurasa wa Themanini na Saba

Tasnifu ilikuwa na kurasa mia moja arobaini na mbili bila kuhesabu shukrani, na shukrani peke yake zilikula kurasa tatu, kwa sababu mwandishi wake alikuwa kijana mwenye moyo laini na hakutaka kumsahau hata mlinzi wa maktaba. Jina la tasnifu lilikuwa refu kama treni ya mizigo: Kukua kwa Kilimo Hai cha Matunda ya Kokwa katika Nchi Saba, na Mafunzo Yake kwa Mkulima Mdogo. Katika nchi hizo saba, mwandishi hakuwahi kukanyaga hata moja. Zote alizizuru akiwa kwenye kiti kilekile cha maktaba, kile kilichotiwa kipande cha mbao chini ya mguu mmoja ili kisiyumbe. Alijua theluji hushuka mwezi gani juu ya bustani za pichi upande wa pili wa dunia. Alijua wapi aprikoti huanikwa juu ya mapaa, na wapi wakulima wa plamu walitupa dawa za viwandani mwaka mmoja wakajuta, kisha mwaka wa nne wakachekelea. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho ni jinsi mpichi unavyokuwa ukiuegemea.

Alichapisha nakala arobaini na tatu, kwa upande mmoja wa karatasi kama chuo kilivyotaka, akiamini zitagombewa. Moja ilikwenda kwa msimamizi wake, ambaye alisoma orodha ya yaliyomo akasema, "Vizuri." Moja ilikwenda maktaba. Moja ilipokelewa kwa heshima katika ofisi ya kilimo, na aliporudi wiki iliyofuata aliikuta inazuia mlango usijifunge. Fundi wa kujalidi ndiye aliyeichungulia zaidi kuliko wote, na hata yeye aliijalidi sura ya nne juu chini, katika nakala zote.

Nakala arobaini zilizobaki kijana alizitia kwenye magunia mawili, akazipeleka kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa na mipichi sitini na miplamu kumi na miwili kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Huko ndiko alikopata jina. Siku ya kwanza tu Shangazi alimwona akiupapasa mti mmoja kwa macho yaliyolowa, akasema, "Mtaalamu, huo ni mparachichi." Tangu siku hiyo kila mtu akamwita Mtaalamu.

Mipichi ilipandwa na marehemu mume wa Shangazi, ambaye kwa miaka ishirini aliipulizia dawa akiwa na bomba mgongoni na kitambaa cha pua mfukoni, si puani. Kifua chake ndicho kilichotangulia kuchoka. Baada ya mazishi, Shangazi alilitundika lile bomba ukutani, hakuligusa tena, na mipichi ikaanza kuzaa funza zaidi ya matunda. Jirani yake wa ng'ambo ya uzio, mzee mchangamfu aliyepuliza kabichi zake kila wiki hata watu wakamwita Bomba, alikuwa akiuliza kwa upole kila msimu kama mama angependa kumwachia lile eneo.

"Nipe miaka mitatu, Shangazi," Mtaalamu alimwambia. "Miaka mitatu bila dawa ya kiwandani hata tone. Mkaguzi atakuja kila mwaka. Mwaka wa tatu akiridhika, tunapata cheti cha kilimo hai. Duniani kote mambo yanaelekea huko. Nimeandika."

Shangazi alimtazama kwa muda. "Sawa. Miaka mitatu ni yako. Ukikipata hicho cheti, mipichi itakaa mpaka inizike. Usipokipata, siku hiyohiyo ninamwita mwenye msumeno, na Bomba apande kabichi zake. Sitaki kuitazama ikifa kidogo kidogo. Nimeshatazama mtu."

Mwaka wa kwanza Mtaalamu alikaribia kumwita mwenye msumeno kwa mikono yake mwenyewe. Mavuno yalipokwisha aliwakuta Shangazi na kibarua wake wa siku zote, mtu mrefu aitwaye Ngazi kwa sababu hakuhitaji ngazi, wakiivua miti majani kwa mikono, tawi kwa tawi, mpaka ikabaki mitupu.

"Jamani! Mnaiua!" alipiga kelele, akasimama mbele ya mti mmoja kama anayemkinga mtoto na kiboko.

"Tunailaza," alisema Ngazi.

"Miti hulala yenyewe! Baridi ikija, majani huanguka."

"Baridi gani?" Shangazi aliuliza, akijipepea kwa kanga.

Mtaalamu aliwakataza. Huko kwenye nchi zake saba, hakuna aliyevua mti majani kwa mkono. Basi mipichi, kwa kuwa hakuna theluji iliyokuja kuiambia kumekucha wala kumekuchwa, ilikesha mwaka mzima. Ikatoa ua moja huku na moja kule, kama mtu aliyekosa usingizi anayejibu salamu za watu wasiokuwepo. Mwaka wa pili yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua majani, akiuomba kila mti radhi kwa sauti ya chini. Ngazi alidhani anaomba dua, akawa anaitikia amina.

Hata hivyo, kitu kimoja alikifundisha vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Mkaguzi hutaka daftari la shamba: kila kitu kinachoingia, kinachotoka na kinachofanyika lazima kiandikwe siku hiyohiyo. "Kisichoandikwa hakikutokea, Shangazi," alimwambia, akimkabidhi daftari kubwa na penseli iliyofungwa uzi. Shangazi aliishia darasa la sita, na tangu siku ile hakuna aliyemwomba aandike chochote isipokuwa sahihi. Alilipokea daftari kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba. Akaweka kreti lililopinduliwa kwenye banda la kupangia matunda, mahali panapoonekana shamba zima, na kuanzia hapo hakuna kilichopita bila kuandikwa. Samadi ngapi, nani aliileta, punda alikuwa na hali gani. Mbuzi wa jirani aliingia, alikula nini, alitolewa na nani, kwa maneno gani.

Mwaka wa tatu mipichi ilizaa. Ilizaa hasa, mpaka matawi yakahitaji kuegemezwa miti. Matunda yalipofika ukubwa wa yai la njiwa, Mtaalamu aliitwa kwenye semina ya siku nne mjini, akaenda akipiga mluzi. Siku ya pili simu ikaita.

"Mtaalamu, nzi wa matunda wamefika," alisema Shangazi. "Mitego imejaa, na wengine wanasubiri zamu."

"Yafungeni, Shangazi! Kila tunda na mfuko wake wa karatasi, kabla nzi hajataga. Msingoje mimi nirudi."

"Karatasi zipi?"

"Zile zilizoko stoo!"

Alikuwa na maana ya mifuko ya kaki elfu sita, safi, isiyo na wino wala nta, aliyoiagiza mapema na kuiweka stoo. Alisahau kwamba wiki moja kabla ya safari aliihamishia chumbani kwake kwa kuogopa panya, akaisukuma mvunguni mwa kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini nani angeinama mvunguni mwa mtu aliyesema stoo? Shangazi alikwenda stoo, akakuta karatasi. Magunia mawili.

Mtaalamu aliporudi siku ya nne, alisimama getini na begi lake la semina, akaona shamba limegeuka jeupe. Mipichi yote sitini, kila tunda limevaa mfuko uliokunjwa vizuri, ukabandikwa kwa uji wa ngano na kufungwa kwa uzi wa katani. Alisogea. Mfuko wa kwanza ulisema: Kielelezo 3.2, Mabadiliko ya Eneo Lililopandwa. Wa pili ulimshukuru mlinzi wa maktaba.

"Umeona tulivyojituma?" alisema Shangazi, vidole vyake bado vina uji uliokauka. "Siku tatu, wanawake saba na Ngazi. Ngazi alisema ni dhambi kuchana kitabu cha mtu."

"Nilisema," alithibitisha Ngazi. "Kisha nikachana."

"Mtaalamu!" Bomba aliita kutoka ng'ambo ya uzio. "Hivi hao nzi wanajua kusoma?"

"Wakisoma hicho, Mzee Bomba, watalala," alijibu Ngazi. "Ndiyo dawa yenyewe."

Mtaalamu alicheka pamoja nao, ingawa kicheko chake kilianza kuchelewa na kikaisha mapema. Alisema anafurahi sana. Hakula chakula cha mchana. Lakini kijana wa aina yake hawezi kukaa na huzuni muda mrefu. Ataigeuza mpaka aone upande wake mzuri. Kufikia jioni alikuwa ameshajishawishi kwamba hivi ndivyo elimu inavyotakiwa kuwa: si kitu cha kuzuia mlango, bali kitu cha kumlinda mkulima. Wiki mbili zilizofuata, kila asubuhi, alizunguka mitini akijisoma. Aligundua kwamba aliandika vizuri kuliko alivyokumbuka. Hata sura ya nne, baada ya kuchanwa, ilisimama wima kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kitabu pekee duniani ambacho msomaji alilazimika kutembea ekari nzima ili akimalize, na kilikuwa na msomaji mmoja, naye alikuwa anakipenda.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba asubuhi ya siku ya ukaguzi wa mwisho, saa moja, kwenye mpichi wa kumi na nne, alikutana na ukurasa wa themanini na saba. Aliusoma akitabasamu. Alipofika mstari wa mwisho, tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

"Katika nchi nne kati ya saba," ulisema ukurasa, "karatasi zenye wino wa chapa zimekatazwa kugusana na tunda katika kilimo hai. Inapendekezwa mkulima mdogo azingatie katazo hili bila kulegeza, isipokuwa pale ambapo"

Ukurasa ukaishia hapo.

Damu ilimshuka mpaka kwenye buti. Yeye ndiye aliyeandika. Yeye ndiye aliyependekeza. Bila kulegeza! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huu alikuwa ameuchonga mwenyewe, akaujalidi, na kuuchapisha nakala arobaini na tatu. Mkaguzi angefika saa nne.

Mtu mwenye akili zake angekwenda bandani kumwambia Shangazi. Mtaalamu naye aliwaza kufanya hivyo, akajiambia hawezi kumvunja moyo mama wa watu: ajue kwamba mikono yake mwenyewe, na ule uji wa ngano, ndiyo iliyoiua mipichi ya mumewe? Hapana. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na ilikuwa ya kweli, kwa kiasi. Sababu nyingine, ambayo hakujipa, ni kwamba kwa miaka mitatu aliitwa Mtaalamu kwa utani, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuamini kwamba utani umepungua.

Mpango alioutunga ulikuwa wa kijinga, lakini aliutekeleza kwa bidii ya mtu mwema. Hakuweza kuvua mifuko elfu tano na ushei ndani ya saa tatu. Lakini ushahidi ulikuwa ukurasa mmoja tu! Labda mkaguzi hakijui kifungu kile. Labda huku wino si neno. Lakini akiusoma ukurasa huo, atajua kwamba hata mwenye shamba alijua. Basi ukurasa wa themanini na saba uondoke. Nakala arobaini, mifuko arobaini. Akaanza kukimbia kutoka mti hadi mti, akitazama namba chini ya kila mfuko, na kila aliouona akauvua, akaukunja, akautia mfukoni. Mifuko ya suruali ilipojaa alihamia ya shati. Ya shati ilipojaa alihamia ndani ya buti.

Alikuwa amepata thelathini na tisa aliposikia gari.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kifuani. Mwaka wa kwanza na wa pili alikuja, akachota udongo, akaondoka bila kusema hata kama kuna jua. Leo alisalimia, akaanza kutembea kati ya mistari, na Mtaalamu akamfuata. Kila hatua aliyopiga ilitoa sauti kama ya mbuzi anayepita kwenye mabua makavu.

Mkaguzi alisimama. Sauti ikasimama. Akatembea. Sauti ikatembea.

"Haya mbona hayana mifuko?" aliuliza, akionyesha tunda moja tupu, kisha jingine mti wa tatu kutoka hapo.

"Hayo... yanapumua," alisema Mtaalamu.

"Yanapumua."

"Kwa zamu."

Mkaguzi aliandika kitu kirefu kuliko jibu. Kisha akainua mfuko mmoja, akausoma, akasoma na wa pili. "Nani ameandika haya?"

"Ni... machapisho tu."

"Naomba daftari la shamba," alisema Mkaguzi.

Bandani, Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusini. Alisimama, akafuta meza kwa mkono, akaliweka daftari mbele ya mgeni kwa mikono miwili. Ngazi alijikunja chini ya paa. Mkaguzi alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akafungua, na alipofika kurasa za mwisho alianza kusoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayeonja.

"'Jumanne. Mtaalamu yuko semina. Nzi wamekuja kwa wingi. Amesema kwa simu tutumie karatasi za stoo. Karatasi za stoo ni kitabu alichokiandika yeye. Nakala arobaini. Gundi ni uji wa ngano, chumvi hakuna. Majalada tumeyatoa, Ngazi anayo, anasema atayatia kwenye viatu.'" Akageuza. "'Alhamisi. Mtaalamu amerudi. Amesema anafurahi. Hakula.'"

Akageuza tena, akaendelea bila kubadilisha sauti.

"'Leo. Tangu saa moja Mtaalamu anakimbia kwenye mipichi, anavua mifuko, anaitia nguoni na kwenye buti. Nimehesabu thelathini na tisa. Sijui sababu. Sikumuuliza, ana uso wa mtu aliyefiwa. Nimeandika kwa kuwa kisichoandikwa hakikutokea.'"

Nyuki mmoja aliingia bandani, akazunguka, akaona afadhali atoke.

Shangazi alikuwa akimtazama mtoto wa mdogo wake, na kijana akaona kwamba bado ana nafasi. Angeweza kusema chochote. Angesema ni sampuli za maabara, na Shangazi angeitikia kwa kichwa, kwa sababu damu ni damu, na mipichi ingeweza kupona. Aliyafikiria hayo kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaketi sakafuni, akaanza kuvua buti.

Alizitoa karatasi zote thelathini na tisa, moja moja, zile za kwenye buti zikiwa na unyevu, akazinyoosha mezani. Mkaguzi alisoma ya juu. Akasoma iliyofuata, akaona ni ileile. Akaangalia rundo lote.

"Karatasi zina wino," alisema Mtaalamu kutoka sakafuni. "Katazo nilikuwa nimeliandika mwenyewe, nikalisahau. Nilikumbuka leo asubuhi, nikaogopa. Mifuko safi ninayo, iko mvunguni. Wao walifanya nilichowaambia. Kosa si la Shangazi."

"Na kwa nini hukuniambia?" aliuliza Shangazi. Hakuwa na hasira. Ndiyo maana iliuma.

"Niliona aibu."

"Aibu! Mimi niliyechana kitabu cha mtoto wangu kurasa zote hizo, nikamwona anashindwa kula, na bado nikamwandika daftarini, sioni aibu. Wewe umeona aibu ya ukurasa mmoja?"

"Isipokuwa pale ambapo," alisema Mkaguzi.

Wote wakageuka.

"Hapa pamekatika. 'Azingatie katazo hili bila kulegeza, isipokuwa pale ambapo.' Pale ambapo nini?"

Mtaalamu alitazama paa. Kurasa mia moja arobaini na mbili, miaka miwili ya maisha yake, na hakukumbuka hata neno moja. "Iko ukurasa wa themanini na nane," alisema hatimaye.

"Nakala nzima haipo?"

"Ipo," alisema Ngazi, akionyesha mteremko kwa mkono wake mrefu. "Iko nje."

Basi wakatoka, wote wanne, kutafuta ukurasa wa themanini na nane. Walijigawa mistari. Mkaguzi alishika wa kwanza, akiwa na miwani yote miwili, na kila mara alisimama mahali kwa muda mrefu kuliko namba inavyohitaji. Bomba aliwaona, akauliza kuna nini, akaambiwa, akaruka uzio kwa wepesi usiofaa umri wake.

"Nimeipata! Themanini na saba!" Ngazi alipaza sauti kutoka juu ya tawi.

"Hiyo tunayo!" walimjibu kwa pamoja. Ndiyo iliyokuwa ya arobaini.

Ni Shangazi aliyeupata wa themanini na nane, kwenye mpichi wa hamsini na mbili, ule mumewe aliokuwa akipumzikia. Aliuvua mfuko bila kuuchana, akaunyoosha juu ya paja, akasoma yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu anayesoma barua iliyochelewa: "'...mamlaka husika imeruhusu vinginevyo. Hata hivyo, utafiti zaidi unahitajika.'"



"Ndiyo basi?" aliuliza Bomba. "Nimeruka uzio kwa ajili ya hiyo?"

"Mamlaka husika ndiyo mimi," alisema Mkaguzi.

Mtaalamu alimtazama kwa macho ya kondoo. Mkaguzi alitikisa kichwa. "Siruhusu. Wino ni wino. Mapichi yote yaliyovaa karatasi hizi hayatapata alama ya kilimo hai msimu huu. Uzeni kama mapichi ya kawaida, na myavike mifuko safi msimu ujao."

"Na shamba?" alisema Shangazi. Alikuwa ameushika ule mti, si kwa kuuegemea, aliushika tu.

Mkaguzi alivua miwani mmoja. "Shamba ni udongo, miti, na watu. Udongo nimeupima mara tatu, ni safi. Miti haina shida. Nilipomsikia huyu akilia kama mabua, nilikwisha kuandika kwamba watu ndio tatizo." Akamgeukia kijana, ambaye bado alikuwa na soksi tu miguuni. "Nimekagua mashamba mengi, bwana. Madaftari mengine hata mvua hainyeshi bila kibali. Lakini daftari linalomshitaki mtu wa nyumbani, mbele ya mgeni, siku ya cheti? Likiniambia shamba halijapigwa dawa miaka mitatu, nitabisha nini? Nimefuta nilichoandika. Shamba limepita."

 Shangazi aliuachia mti, akaushika tena.

"Na zile," Mkaguzi akaendelea, akionyesha ukingoni, "zile plamu hazikufungwa. Hizo zitapata alama mwaka huuhuu."

Miplamu kumi na miwili, ile ambayo tasnifu iliizungumzia katika aya moja, tena kwenye tanbihi. Mtaalamu aliitazama kama mtu anayekutana na ndugu ambaye hakumwalika harusini.

Kabla ya kuondoka, Mkaguzi aliomba aazimwe rundo la themanini na saba, akachukua moja tu. "Sura ya tano sikuimaliza," alisema akiingia garini. "Nitaimalizia mwakani, kama hamjaivuna." Hakuna aliyejua kama ni utani, kwa sababu uso wake ulikuwa uleule wa kuchota udongo.

Bomba alirudi kwenye uzio wake taratibu, akageuka. "Mama, sasa kabichi zangu nitazipanda wapi?"

"Pale pale zilipo, jirani. Na upepo ukivuma huku, usipulize."

"Haya," alisema Bomba. Kisha, baada ya hatua mbili: "Mtaalamu, hiyo mifuko ya mvunguni... kabichi nazo huvaa?"

Shangazi alirudi kwenye kreti lake. Mtaalamu alimfuata na buti zake mkononi, akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shangazi, nisamehe."

"Kaa chini, unaniziba mwanga." Alikuwa ameshashika penseli. "Kitabu chako si kibaya, mwanangu. Nilisoma kidogo wakati tunakunja. Pale unapomshukuru mlinzi, pazuri. Lakini nisikilize: mwakani tuletee karatasi kabla hujaziandika."

Kijana alianza kucheka, na safari hii kicheko hakikuchelewa. Alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Ngazi alichungulia chini ya paa kuona nani anakufa. Shangazi hakucheka, alikuwa kazini. Aliilamba ncha ya penseli, akainama, akaandika kwa herufi zake kubwa zilizosimama wima:

"Leo, mchana. Shamba limepita. Mapichi hayakupita, plamu zimepita. Ukurasa wa 88 umepatikana, hauna kitu. Mtaalamu ametumwa chumbani kwake. Ameinama mvunguni. Mifuko ipo, elfu sita, panya hawajaigusa. Amekula, sahani mbili."

Alipofika hapo alisita, akamwangalia kijana, ambaye alikuwa bado hajainuka pale alipoketi.

"Haya, nenda," alisema. "Nimeshaandika."